Maswali ya Wasomaji: Foleni Ndani ya Mtandao wa Seva

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Tuna raki (kabati la seva) yenye seva 24, kila moja ina poti ya gigabiti 10. Grafu ya wastani wa matumizi kwa kila dakika tano haijawahi kuvuka asilimia 30, lakini kila mara seva kuu inapoomba matokeo kwa zile nyingine, pakiti zinadondoka na kazi inaganda kidogo. Bosi anataka tununue swichi kubwa zaidi. Tununue?
*Msomaji, Kijitonyama*

JIBU: Msinunue kwanza. Wastani wa dakika tano unaficha kinachotokea ndani ya milisekunde moja. Seva 23 zikijibu kwa mpigo, zinamimina gigabiti 230 kwa sekunde kwenye poti inayoweza kutoa 10 tu. Ziada ni megabaiti 27 na ushee kila milisekunde. Swichi yenye bufa (kumbukumbu ya kushikilia pakiti zinazosubiri) ya megabaiti 12 inajaa kabla ya nusu milisekunde, na hapo tumekuwa wakarimu, maana kwa kawaida poti moja hairuhusiwi kuhodhi bufa yote.

Pakiti kudondoka si balaa kubwa; balaa ni kusubiri. Mkupuo wote ukipotea, mtumaji hana cha kumshtua kwamba umepotea, na TCP ya Linux (itifaki inayohakikisha pakiti zinafika) husubiri walau milisekunde 200 ndipo itume tena, ilhali kwenda na kurudi ndani ya raki hakufiki hata milisekunde 1.

Kabla ya dawa, pimeni. Endesheni `nstat -az TcpExtTCPTimeouts` kwenye seva zinazojibu (inahesabu mara ambazo TCP ilisubiri hadi muda ukaisha), kisha someni kwenye swichi idadi ya pakiti zilizotupwa upande wa kutokea wa poti ya seva kuu. Hesabu hizo mbili zikipanda pamoja wakati kazi inaganda, tatizo ni hilo. Kama kinachopanda ni makosa ya CRC (pakiti zilizoharibika njiani), acheni habari za foleni, safisheni vichwa vya faiba au badilisheni kebo. Vumbi la mji huu mnalijua.

Dawa rahisi ipo kwenye programu: ombeni seva sita sita, au kila seva ichelewe kidogo kwa muda wa kubahatisha. Ikishindikana, washeni alama za ECN kwenye swichi (inazibandika kwenye pakiti foleni inaporefuka) na DCTCP kwenye seva zote (aina ya TCP inayopunguza mwendo kulingana na alama hizo). Waliobuni DCTCP mwaka 2010 waliweka kizingiti cha kuanza kubandika alama kuwa pakiti 65 kwenye foleni, kwa poti ya gigabiti 10, anzieni hapo. Msiichanganye na TCP ya kawaida kwenye foleni moja, kwa sababu hazipunguzi mwendo kwa kiwango kimoja. Mnaweza pia kushusha `rto_min` (muda mfupi kabisa wa kusubiri kabla ya kutuma tena) kwa amri ya `ip route change`, ila msishuke chini ya milisekunde 40: mpokeaji wa Linux anaweza kuchelewesha kithibitisho kwa muda huo, nanyi mtakuwa mnarudia pakiti zilizokwisha kufika.

SWALI: Kutoka swichi ya raki tuna njia nne za kwenda swichi za juu. Usiku, wakati wa bakapu, moja inajaa pomoni na nyingine zimelala. ECMP, inayogawa mikondo kwenye njia zilizo sawa, imewashwa. Imeharibika?
*Msomaji, Mikocheni*

JIBU: Hapana, ndivyo ilivyoundwa. Swichi huchagua njia kwa kupiga hesabu ya anwani mbili na namba mbili za poti, za mtumaji na mpokeaji (si poti za kebo), pamoja na aina ya itifaki, na muunganisho ukishapangiwa njia haubanduki. Mikondo minne mikubwa kwenye njia nne ina nafasi ya asilimia 9 tu kwamba kila mmoja utapata njia yake. Hakikisheni hesabu inahusisha namba za poti, si anwani peke yake, kisha gawanyeni bakapu kwenye miunganisho 16 au zaidi. Kama mna ngazi mbili za swichi, kila ngazi ipewe mbegu yake ya hesabu (namba ya kuanzia). Zikifanana, ngazi ya pili inarudia uamuzi wa ya kwanza na baadhi ya njia hazitumiki kabisa. Kutawanya pakiti moja moja kunavutia, lakini zikifika shaghalabaghala TCP inaweza kudhani zimepotea.

SWALI: Tuwashe PFC (swichi kumwamuru anayetuma asimame bufa inapokaribia kujaa) kwenye madaraja yote manane ya trafiki ili pakiti isidondoke kabisa?
*Msomaji, Mbezi Beach*

JIBU: Hapana. Amri ya kusimama inazuia hata pakiti zisizohusika na msongamano, kama wanaotoka Tegeta wakisubiri kukata kulia Mwenge wanavyowaziba wanaonyoosha Morocco. Kisha kusimama huko kunarudi nyuma, swichi hadi swichi. Iwasheni kwa daraja moja tu la RDMA (seva kusoma na kuandika kumbukumbu ya nyingine moja kwa moja), kizingiti cha ECN kiwe chini ya cha PFC ili watumaji wapunguze mapema, na muwashe kilinzi cha PFC kinachotupa pakiti za foleni iliyosimamishwa muda mrefu kupita kiasi.