Japani hakuna atakayekukemea, ndiyo maana utakosea

Siku yangu ya pili Osaka vidole vilichoka kushika vijiti, nikavichomeka wima katikati ya bakuli la wali ili nipumzike. Mama mmoja mtu mzima, meza ya jirani, aliniona. Akainamisha macho, akachukua vijiti vyake na kuvilaza polepole juu ya kigogo kidogo kilichokuwa mbele yake. Hakusema neno. Nikatazama mbele yangu: kumbe nami nilikuwa na kigogo kama kile, nilidhani pambo.

Baadaye nikaelezwa kwamba wali uliochomekwa vijiti ni wa kumwekea marehemu. Na mifupa baada ya mwili kuchomwa huokotwa kwa vijiti, watu wakipokezana, kwa hiyo usimpe mwenzako kipande cha samaki kijiti kwa kijiti. Mwekee kwenye sahani yake.

Kwetu Kondoa ukikosea mezani shangazi atakusema mbele ya watu, utaona haya, na hutarudia. Japani unaweza kukosea wiki nzima huku kila mtu akikutabasamia. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, tazama jirani anafanyaje. Mimi nilipokea simu kwenye treni, "Haloo! Haloo!" kama niko stendi, na ni ukimya wa behewa zima ulionifanya nikate. Hata ngazi za umeme zina utaratibu wake: Tokyo watu husimama kushoto, Osaka kulia. Ukijisahau, walio nyuma wanaotaka kupita watasubiri kimya.

Sasa chakula. Migahawa mingi ya rameni, yaani tambi ndani ya bakuli la mchuzi, ina mashine mlangoni: unatia pesa, unabonyeza kitufe cha unachotaka, unampa mpishi tiketi. Kama huli nguruwe, hapa ndipo pa kuwa macho. Mchuzi unaoitwa tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi, na hata bakuli la mchuzi wa soya mara nyingi huja na kipande cha nguruwe juu yake. Kariri sentensi hii: "Butaniku wa haitte imasu ka?" Yaani, humu mna nyama ya nguruwe? Hifadhi pia picha ya herufi 豚 kwenye simu, ndiyo nguruwe mwenyewe. Pombe ni ngumu zaidi kuikwepa, maana mirin, aina ya pombe tamu ya mchele, imo kwenye michuzi mingi na huwezi kuionja ukajua. Ukifika Tokyo, msikiti wa Tokyo Camii una duka la vyakula vya halali, nami nilitoka pale na mfuko umejaa.

Siku nyingine nilikula onigiri, tonge la wali lililofungwa kwa mwani, kutoka maduka madogo yaliyo kila kona. Karatasi yake ya plastiki ina namba 1, 2, 3. Zifuate! Mimi nilirarua kwa pupa, mwani ukabaki kwenye plastiki na wali ukabaki uchi mkononi. Pesa zikikuishia, nenda supamaketi usiku karibu na kufunga, mhudumu anapopita akibandika vibandiko vya nusu bei kwenye vyakula vilivyopikwa siku hiyo. Takataka beba mwenyewe hadi hotelini. Mapipa mengi ya hadharani yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Bakshishi usitoe, utamtia mhudumu kwenye mashaka.

Vijiti vikikushinda kabisa, agiza sushi za nigiri, vitonge vya wali vyenye kipande cha samaki juu. Hizo kuliwa kwa mkono si kosa, na siku hiyo nilikula kama mtu aliyerudi nyumbani.

Halafu kuna natto, soya zilizochachushwa, ambazo wageni wengi huzikimbia. Asubuhi moja kwenye nyumba ya wageni Kyoto niliwekewa kibakuli, na mwenye nyumba akasimama pembeni, nadhani akingoja nikunje uso. Nikakoroga, utelezi ukavutika nyuzi ndefu kutoka bakulini hadi mdomoni. Harufu ilinigomba kidogo, lakini ule utelezi naujua tangu utotoni. Nikamaliza, nikaomba kingine. Mama wa watu akacheka hadi akajifunika mdomo, nami nikakosa Kijapani cha kumweleza kwamba nimekulia kwenye mlenda, na kilichopungua pale mezani ni ugali tu.