Kukimbia mateso si kuikana imani

Umeuliza kama Mkristo anayehama mji kwa sababu ya kuteswa amemkana Yesu. Hapana. Mathayo 10:23 ni agizo la Bwana mwenyewe: wakiwafukuza mji huu, kimbilieni mwingine. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu (Matendo 9:25). Alipokuwa karibu kupigwa mijeledi Yerusalemu alidai haki yake ya uraia wa Kirumi (22:25), na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari (25:11). Kwa hiyo kwenda polisi au mahakamani nako si ukosefu wa imani.

Kinachokatazwa ni kukana. Ukishakamatwa na ukaambiwa uchague, hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Vijana wa Namugongo, Uganda, waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana, walifika hapo.

Kosa la upande wa pili ni kujipeleka. Barua ya kanisa la Smirna kuhusu kifo cha Polikarpo, askofu wao aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya pili, inamtaja Mkristo mmoja aitwaye Kwinto, aliyejitoa mwenyewe na kuwashawishi wengine. Alipowaona wanyama wakali ambao Wakristo walitupiwa, akaogopa, akatoa dhabihu ya kipagani. Barua inasema wazi kwamba hawawasifu wanaojitoa hivyo. Polikarpo mwenyewe alikubali kwanza kuondoka mjini, akajificha shambani.

Na soma 1 Petro 4:15 kabla ya kuita kila shida mateso. Ukifukuzwa kazi kwa wizi au kwa umbeya, huo si msalaba, ndugu yangu.