Faranga 6,000 Zürich zinatosha?
Ndugu, kama umepewa kazi Zürich, Uswisi, kwa mshahara wa faranga 6,000 za Uswisi kwa mwezi, utaishi, ila kutajirika sahau. Hiyo ni kabla ya makato ya kodi na hifadhi ya jamii. Bima ya afya haimo humo. Unalipa mwenyewe, na sheria inakupa miezi 3 tu tangu ufike uwe umejiunga. Kinachowakaba wengi ni nyumba: mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi pango la miezi 3, na wewe mshahara wa kwanza hujauona! Muulize mwajiri kama atakukopesha hiyo. Akikwepa swali, mimi nisingesaini mkataba wa kazi haraka. Na kama si raia wa Ulaya, vibali vya kazi vina kikomo cha idadi kila mwaka, kwa hiyo usiache kazi uliyonayo kabla chako hakijatoka.