Hamonika, ufunguo wa wimbo na hofu ya jukwaani

Nipe hamonika ya C, wimbo uwe kwenye ufunguo wa G, yaani do yake iwe noti ya G, na utadhani mimi sijui hofu ni nini. Sasa mwimbaji aombe wimbo huohuo ushushwe hadi D, nami nibadilishe, nishike hamonika ya G. Miaka yangu mitatu ya mwanzo jukwaani, hapo ndipo nilipokuwa nageuka mtu mwingine. Matundu ni yaleyale kumi, mpangilio ni uleule, wimbo ninaujua vizuri. Lakini pumzi inakatika, tundu la pili linagoma, na ninajikuta nimerudi nyuma ya mpiga besi.

Wanaoanza chombo hiki huniuliza sana kuhusu uoga, na wengi wameshaambiwa neno moja tu: jiamini. Neno hilo halijawahi kumsaidia mtu niliyemwona mimi. Hofu ya mpiga hamonika mara nyingi ina sababu ndani ya chombo chenyewe, na sababu hiyo hubadilika kila ufunguo wa wimbo unapobadilika.

Hamonika ndogo, ambayo wengine huiita kinanda cha mdomo, ina vilimi 20 vya chuma: kumi vya kupuliza na kumi vya kuvuta. Kila hamonika hutengenezwa kwa ufunguo mmoja, ndiyo maana unatuona na vimikoba. Katika zile za kawaida, G ndiyo ya chini kabisa, F shapu ni ya juu kabisa, na C iko katikati. Vilimi vya G ni vizito, vinachelewa kuamka. Vilimi vya F ni vyepesi na vinaitika upesi mno, na nafasi ya kupinda noti, yaani kuishusha kwa umbo la mdomo, ni finyu kama uzi.

Sasa weka hofu juu ya hayo. Mtu mwenye hofu hupumua haraka, pumzi fupi za kifuani. Hamonika ya G haitaki hivyo. Inataka hewa itoke tumboni, polepole, koo likiwa wazi kama unapiga miayo. Ukiivuta kwa pupa, tundu la pili linakwaruza, linashuka sauti au linazima kabisa. Na mtu mwenye hofu hukaza taya na ulimi. Kwenye G hilo halionekani sana, ila kwenye F linakuumbua palepale: noti uliyotaka kuipinda inaruka, na sauti inatoka kali kama filimbi ya refa. Kwa hiyo hofu ni ileile, ila kila hamonika inaifichua kwa njia yake. Siku nilipolielewa hili niliacha kujiona sina kipaji.

Kwa wasiopiga, nieleze kidogo jinsi tunavyochagua. Wapigaji wengi wa bluzi hawatumii hamonika yenye ufunguo wa wimbo wenyewe. Wimbo ukiwa G wanachukua C, kwa sababu noti tamu za kuvuta, zile zinazopindika, zinaangukia mahali panapofaa. Waliopitia kwaya watalishika hili mara moja: tafuta fa ya wimbo, hiyo ndiyo hamonika yako. Do ikiwa G, fa ni C. Do ikiwa A, fa ni D. Do ikiwa E, fa ni A. Do ikiwa F, fa ni B flati. Nilihangaika na majedwali kwa miezi kabla mzee mmoja wa kwaya hajanionyesha hivyo kwa vidole vyake.

Huko Chicago miaka ya 1950, alipokuwa akivuma mpiga hamonika wa bluzi Little Walter, magitaa yalipenda E na A kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi, kwa hiyo hamonika za A na D zilikuwa chakula cha kila siku. Kwetu ni tofauti. Ukiingia kwenye bendi ya dansi yenye tarumbeta na saksafoni, utakuta nyimbo nyingi kwenye F, B flati na E flati, kwa kuwa ndiko vyombo vile vinakopumzika. Mtu aliyejifunza nyumbani kwa C na A peke yake anafika pale akiwa mgeni. Kisha mwimbaji naye ana koo lake, leo limechoka, anaomba kushusha. Hayo yote ni haki yao. Ni juu yako kujiandaa.

Usiku ulionifundisha zaidi ulikuwa Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa hoteli ufukweni. Nilimwuliza mpiga gitaa ufunguo wa wimbo, "Kaka, tuko kii gani?" Akajibu, "G." Nikachukua C yangu, rafiki yangu wa siku zote. Nilipoingia, kila noti iligongana na bendi kama milango miwili inayofunguka kwa wakati mmoja. Kumbe alikuwa amefunga kapo, kile kibanio cha nyuzi kinachoupandisha wimbo, kwenye freti ya pili: vidole vyake vilikuwa kwenye G, wimbo ulikuwa unasikika A. Nilipaswa kushika D. Sikujua la kufanya, nikasimama kimya hadi mwisho wa wimbo, na nyimbo tatu zilizofuata nilizipiga nikiwa natetemeka ingawa funguo zake nilikuwa nazimudu.

Hakunidanganya. Alijibu swali nililouliza. Tangu hapo nauliza hivi: "Kapo iko wapi, na wimbo unasikika kii gani?" Kwa mpiga kibodi nauliza pia kuhusu kile kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, maana wengi wetu tunawajua wapigaji wazuri, hasa makanisani, wanaokaa kwenye ufunguo mmoja wanaoupenda na kukiachia kitufe kazi iliyobaki. Akikwambia F na kitufe kimepandishwa mbili, wimbo uko G. Halafu, kabla ya zamu yangu, navuta tundu la pili kwa sauti ndogo mno, mkono umefunika, nikisikiliza kama linakaa juu ya do ya bendi. Inachukua sekunde mbili.

Kuhusu mazoezi, nilichofanya ni kuchukua sentensi moja fupi ya muziki, noti saba hivi, na kuipiga kwenye hamonika zote nilizonazo nikishuka ngazi kwa ngazi: C, B flati, A, kisha G. Usiruke kutoka C hadi G siku moja. Mdomo unahitaji kusikia jinsi mahali pa kupinda noti panavyorudi nyuma kuelekea kooni kadiri unavyoshuka. Kisha panda: C, D, F, na utahisi panasogea mbele, karibu na meno. Kwa G, nililala chali sakafuni dakika kumi kila siku nikivuta tundu la pili tu, pumzi ndefu ya hesabu nane. Chali huwezi kudanganya, tumbo lazima lifanye kazi. Baada ya mwezi mmoja hivi tundu lile liliacha kugoma.

Usiku ambao hujawa tayari, kuna njia ya pembeni, na hakuna aibu kuitumia. Wimbo wa D ulio mtulivu na wenye sauti tamu waweza kuupiga kwa hamonika ya D yenyewe, ukikaa tundu la nne hadi la saba, ambako do re mi yote imekamilika. Wimbo wa D wenye huzuni, ule wa mainori, unakubali hamonika ya C, nyumbani pake pakiwa kwenye re ya hamonika, yaani kuvuta tundu la nne. Little Walter mwenyewe alilijua sana pigo hilo, hasa aliposhika hamonika kubwa ya kromatiki, ile yenye noti zote. Ila usilipige kwenye wimbo wa furaha. Fa ya hamonika itaugeuza wimbo uso, na bendi itakutazama.

Mambo mengine ni madogo lakini yanatuliza mkono. Herufi kubwa kwenye kipande cha plasta juu ya kila hamonika, maana taa za jukwaani hubadilika rangi na maandishi ya kiwandani hayasomeki. Mpangilio mmoja daima kwenye mkoba, ya chini kushoto. Hamonika ya wimbo ujao ikae mfukoni au kiganjani, kwa sababu vilimi vya baridi hukusanya unyevu wa pumzi na kunasa, jambo linalotokea sana ukumbi ukiwa na kiyoyozi.

Na mwombe kiongozi wa bendi akupangie wimbo wa kwanza kwenye ufunguo unaoupenda. Wengi hawajui kwamba kwetu funguo hazilingani, kwa sababu kwa mpiga kibodi mwenye kitufe chake au mpiga gitaa mwenye kapo tofauti ni ndogo. Nilipomweleza kiongozi wetu, alishangaa, kisha akauvuta wimbo wa D kutoka namba moja hadi namba nne bila mjadala. Kufikia namba nne mwili umeshazoea jukwaa, pumzi imeshashuka tumboni, na hamonika ya G inaitika.

Hamonika ya F bado naifanyia kazi. Naweza kuipiga vizuri nyumbani, lakini tundu la tatu bado linanitoroka watu wakiwa wengi. Jumamosi hii dada anayeimba nasi ameomba wimbo mmoja kwenye C, ambao fa yake ni F, nami sitaikimbia F kwa kushika hamonika ya C. Nimemwomba mpiga gitaa anipe mizunguko miwili badala ya mmoja, ili ule wa kwanza niupige kwa noti chache, nisipinde chochote, taya ilegee kwanza.