Kufunga ekzosi mpya nyumbani: mbona bomba linagonga likishapata moto?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimenunua seti ya ekzosi ya stenlesi, kuanzia nyuma ya kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) hadi ncha ya bomba, kwa ajili ya gari langu dogo la petroli. Injini ni ya silinda nne, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini). Nataka kuifunga mwenyewe nyumbani. Nina jeki, spana na boksi la soketi, lakini mashine ya kuchomelea sina. Rafiki yangu alifunga seti kama hii, na sasa gari likishatembea kidogo bomba linagonga bodi kwa chini, ingawa likiwa baridi halitoi sauti yoyote. Isitoshe, ananishauri nikishaingia chini ya gari nitoe na masega yaliyo ndani ya kataliti ili gari lipate nguvu. Naomba ushauri wako kabla sijashika spana.

Jibu: Salama, ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Nianze na gari la rafiki yako, maana ukielewa kinacholigonga utakuwa umeelewa sehemu ngumu ya kazi yote.

Chuma hurefuka kikipata moto. Bomba la stenlesi ya daraja la 304 lenye urefu wa mita 2, joto lake likipanda kwa nyuzi 300 za Sentigredi, hurefuka kama milimita 10. Kwa kuwa mbele limefungwa kwenye injini, urefu huo wote huelekea nyuma. Injini nayo hucheza kwenye raba zake kila unapokanyaga mafuta, na bomba hufuata. Kwa hiyo nafasi ya milimita chache uliyoiona gari likiwa baridi, barabarani haipo.

Nafasi hiyo huwa ndogo tangu mwanzo kwa sababu aliyefunga amekaza kila kiungo pale pale alipokifunga. Bomba likipinda digrii 1 tu kwenye kiungo cha mbele, ncha yake ya nyuma, mita 2 baadaye, huwa imehama karibu milimita 35. Akifika nyuma anakuta raba hazifiki kwenye ndoano, anazivuta kwa nguvu, anafunga, na gari linatoka likiwa kimya kwa dakika kumi za kwanza. Mwambie rafiki yako asipige bodi nyundo. Alegeze viungo vyote, aache bomba lining'inie lenyewe, alipange upya, ndipo akaze.

Sasa tuje kwako. Bila kuchomelea inawezekana kabisa, mradi seti yako inaungwa kwa flanji (bapa za chuma zenye matundu ya bolti) na klampu (vibanio vya kuzunguka bomba). Kabla hujafungua nati hata moja, lilaze bomba jipya chini sambamba na gari, chungulia la zamani, ulinganishe mikunjo, flanji ya mbele na mahali ndoano zilipo. Seti isiyo ya gari lako ni heri uigundue ekzosi ya zamani ikiwa bado mahali pake.

Kuhusu kuingia chini ya gari sitakuwa na mzaha. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Sili ya jeki ya maji ikiachia, gari hushuka bila kukupa muda wa kutoka. Simamisha gari juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, vuta hendibreki, kisha lilaze juu ya stendi za chuma katika sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Tofali usitumie, hupasuka ghafla. Litikise gari kwa nguvu ukiwa nje. Likitulia, ndipo uingie. Vaa miwani, maana kutu hudondokea machoni, na usianze hadi kataliti ipoe kabisa, kwani hutunza joto muda mrefu kuliko bomba lenyewe.

Jioni ya siku iliyotangulia, safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya na uzimwagie dawa ya kulegeza kutu. Tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili huviringisha kichwa cha nati iliyoliwa. Nati ikigoma, jaribu kuikaza kidogo kwanza, kisha uifungue. Ukilazimika kukata kwa grenda, kaa mbali kabisa na tangi na mabomba ya mafuta, kwa sababu cheche zake huruka mbali. Raba za kuning'inizia zitelezeshe kwa maji ya sabuni au dawa ya silikoni. Grisi na oili huzivimbisha na kuzilainisha. Iliyopasuka ibadilishe sasa hivi. Na muda wote egemeza bomba kwa jeki ya pili, lisije likaning'inia kwenye kipande cha wavu kinachonyumbulika wala kwenye waya wa sensa.

Magari mengi huwa na sensa zote mbili za oksijeni kabla ya flanji ya nyuma ya kipande cha kataliti, kwa hiyo hutazigusa. Kama lako lina ya pili kwenye bomba la nyuma, chomoa soketi ya umeme kwanza ili waya usijisokote unapoifungua, na ukiirudisha paka dawa ya kuzuia kung'ang'ana kwenye nyuzi tu, si kwenye ncha. Gundi ya kuziba viungo iwe ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa. Silikoni ya kawaida huiharibu sensa.

Gasketi ziwe mpya. Ukikuta kiungo chenye gasketi ya duara na bolti zenye springi, fahamu kwamba springi hizo zimewekwa ili bomba liweze kucheza injini inapocheza. Nimeona watu wakizitoa na kuweka bolti za kawaida kwa kudhani wanaimarisha, na baada ya muda wavu unachanika au flanji inapasuka.

Kisha tundika seti yote, kuanzia mbele kwenda nyuma, nati zote zikiwa zimekazwa kwa vidole tu kiasi kwamba bomba bado linazunguka kwa mkono. Hapa usiwe na haraka. Zungusha kipande kimoja kimoja, rudi nyuma ya gari uangalie ncha, ingia tena. Acha angalau milimita 20 hadi 25 kati ya bomba na kila kitu, na zaidi ya hapo karibu na mipira ya breki, tangi la plastiki na bampa. Raba zisivutwe upande. Gari likiwa baridi, ni vizuri zielekee mbele kidogo ili bomba likirefuka zinyooke.

Tena, magurudumu ya nyuma yakining'inia hewani, eksili hushuka na kukuonyesha nafasi kubwa ambayo haipo gari likisimama chini. Kama bomba lako linapita juu ya eksili, pima nafasi ile uzito wa gari ukiwa umekalia springi, kwa mfano stendi zikiwa chini ya eksili yenyewe, kama muundo wa gari lako unaruhusu.

Ukiridhika, kaza kuanzia mbele kwenda nyuma, ukiangalia mpangilio kila baada ya kiungo. Kwenye flanji kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, ili gasketi ikae sawa. Fuata kipimo cha torki (nguvu ya kukazia) kilichoandikwa kwenye maelezo ya seti. Kama umepewa klampu za umbo la U, mimi ningezibadilisha kwa zile pana za mkanda, kwa sababu za U huuma bomba na kulibonyeza, na siku ukitaka kulichomoa halitoki.

Washa injini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua. Ukiwa umevaa glavu, ziba ncha ya bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache tu wakati injini bado ni baridi, na mwenzako asikilize viungo. Kinachovuja kitapiga mluzi. Maji ya sabuni yatakuonyesha mapovu pale pasiposikika. Kiungo kinachovuja chini ya kabini usikiache hata siku moja, maana moshi hupata njia ya kuingia ndani.

Kabla ya kuwasha, futa alama za vidole kwenye stenlesi kwa spiriti, kwani zikipata moto hubaki kama madoa. Moshi mwepesi na harufu mwanzoni ni mafuta ya kiwandani yanayoungua. Maji yanayodondoka kwenye ncha asubuhi nayo ni ya kawaida.

Kataliti usiitoe. Inageuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi na oksaidi za nitrojeni kuwa nitrojeni, yaani sumu inayotoka kwenye gari lako inapungua sana kabla haijafika kwenye pua za watu. Nchi nyingi zinakataza kuitoa. Sensa ya nyuma nayo itagundua kwamba haipo, taa ya injini itawaka na kompyuta kwa kawaida itaandika P0420, yaani namba ya hitilafu inayosema kataliti haifanyi kazi ipasavyo. Kwenye injini ndogo isiyo na tabo, kataliti nzima haikunyimi nguvu ya maana. Kama gari linakosa pumzi kwenye mizunguko ya juu na unashuku imeziba, ipimwe kwa geji ya shinikizo, na ikithibitika, weka nyingine.

Nikuambie ukweli pia kuhusu seti yenyewe: kwa injini kama yako, nguvu itaongezeka kidogo sana kama itaongezeka. Utakachopata ni mlio, chuma kisichooza haraka, na pengine uzito mdogo. Usishawishike kununua bomba pana zaidi. Kutoka milimita 50 hadi 63 eneo la ndani huongezeka kwa karibu asilimia 60, na injini ndogo haina gesi ya kulijaza. Kinachoongezeka ni kelele. Tena angalia kama seti ina kisailensa cha katikati. Bila hicho, mizunguko 2,000 kwa dakika ya silinda nne hutoa mlipuko kama mara 67 kwa sekunde, mngurumo mzito ambao kwenye kabini nyingi huchosha kichwa katika safari ndefu.

Baada ya safari ya kwanza acha gari lipoe, pitia nati zote tena, kisha urudie baada ya kilomita mia chache. Ukisikia mlio wa tik-tik asubuhi unaopotea injini ikipata moto, kagua gasketi ya mbele kwanza. Kwa kawaida chuma kikivimba huziba mwanya kwa muda. Ekzosi ya zamani, kama bado ni nzima, ihifadhi pamoja na bolti zake. Mkaguzi akikataa kelele ya hiyo mpya, utakuwa na cha kurudishia.