Vilele vitatu vya zinki si lazima viwe nafasi tatu za zinki

Mkuu, umesema umechanganya protini yako na zinki mara 10 ya kiasi chake, ukaipitisha kwenye spektrometa ya masi (kifaa kinachopima uzito wa molekuli), ukaona kwenye grafu vilele vitatu vipya vinavyopishana kwa dalton 63.4 hivi. Unauliza kama hiyo inatosha kuandika kwamba protini ina nafasi tatu za zinki. Haitoshi, ingawa hesabu yako iko sawa. Anayekuambia tofauti iwe 65.4 amesahau kwamba zinki inaingia na chaji zake mbili, kwa hiyo protoni mbili zinaipisha: 65.38 toa 2.02, unabaki na 63.36.

Kinachonitia shaka ni hiyo mara 10. Tone linaloruka kutoka kwenye sindano ya spektrometa linakauka likiwa njiani. Maji yanakwenda, zinki na protini vinabaki vikisongamana, na zinki isiyo na pa kukaa inajibandika kwenye aspartati na glutamati, asidi amino zenye chaji hasi, za juujuu ya protini. Kwa macho yangu, zinki ya namna hiyo hujulikana kwa umbo: vilele vinashuka kimoja baada ya kingine kama ngazi, na kila ukiongeza zinki ngazi inarefuka. Nafasi za kweli zinajaa kisha zinakoma. Chukua kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu: ina nafasi 4. Ikishashiba, kilele cha 4 kinatawala, na cha 5 kikitokea kinakuwa kidogo.

Kwa hiyo rudi uanze na zinki nusu ya protini, halafu sawa kwa sawa, mara 2, mara 4. Tumia zinki asetati, achana na kloridi. Sambamba na hiyo, pima protini ileile ikiwa sistini (asidi amino zenye salfa) unazoshuku ndizo zinashika zinki zimebadilishwa kuwa serini au alanini. Vilele vitakavyobaki kwenye hiyo iliyobadilishwa usivihesabu. Halafu, mkia wa histidini 6 umeukata? Hukutaja. Kama bado upo, tunajadili mkia, maana uliwekwa pale makusudi ushike metali.

Bafa, yaani mchanganyiko wa kutuliza pH: fosfeti na chumvi ya kawaida vitakuharibia kila kitu. Hamishia protini kwenye amoniamu asetati, milimola 100 au 200, lakini usidanganyike kwamba inashikilia pH 7. Nguvu yake iko karibu na 4.75 na 9.25, katikati hapo inayumba, kwa hiyo pima pH siku hiyohiyo. EDTA, kemikali inayoshika metali, iliyobaki kidogo tu tangu kwenye usafishaji inakunyang'anya zinki, na DTT, ile ya kuzuia madaraja ya salfa, nayo inaishika.

Sasa mtego ambao nauona sana kwenye spektra za watu. Sistini mbili zikiungana kwa daraja la salfa, protini inapoteza hidrojeni mbili, yaani 2.02. Zinki moja pamoja na daraja moja ni 63.36 toa 2.02, sawa na 61.34. Shaba yenye chaji mbili inaongeza 61.53. Kwa protini ya dalton 20,000, tofauti hiyo ni kama sehemu 10 kwa milioni, na mtu mwenye haraka atatangaza shaba ambayo haipo. Ndiyo maana kabla ya yote pima protini ndani ya asetonitrili na asidi fomiki asilimia 0.1. Humo inakunjuka, chaji zinaongezeka, zinki kwa kawaida inadondoka, na unapata masi ya protini tupu ya kulinganisha na mfuatano wake. Ikiwa pungufu kwa 2, daraja lilikuwepo tangu mwanzo.

Wanaofanya kalsiamu wana shida kubwa zaidi. Kalsiamu inaongeza 38.06, potasiamu 38.09, na potasiamu inatoka hata kwenye vyombo vya kioo. Kwa protini ya 17,000 hiyo ni chini ya sehemu 2 kwa milioni. Njia safi ni kutumia isotopu ya kalsiamu 44: nafasi 4 zikijaa, kilele kinasogea kwa 16 hivi kulinganisha na kalsiamu ya kawaida, na potasiamu haiwezi kuiga hilo.

Kuna aliyekushauri upeleke sampuli kwenye plazma (ICP-MS, kifaa kinachopima metali kwa gesi yenye joto kali). Peleka, ila ujue plazma inaichoma protini yote na kukupa jumla ya metali tu. Ikikuambia wastani ni zinki 1 kwa kila protini, huenda kila moja ina 1, au nusu zina 2 na nusu hazina kitu. Metalothioneini, protini inayoshika metali, yenye sistini 20 na nafasi 7 za zinki, imeeleweka vizuri zaidi kwa sababu spektrometa inaonyesha zenye 4, zenye 5 na zenye 7 kila moja peke yake. Hapo ndipo kifaa hiki kinalipa.

Urefu wa vilele usiutumie kukokotoa nguvu ya mshiko kama zinki imeshikwa sana. Ukiwa na protini mikromola 5, mshiko wa pikomola utauona umejaa tu. Tafuta kishindani, yaani molekuli inayogombania zinki na protini, chenye nguvu ya mshiko inayojulikana.

Ukishapima upya, weka hapa spektra ghafi ya hali moja ya chaji, pamoja na ya protini iliyobadilishwa. Ile iliyokwisha kukokotolewa na programu usiilete, mara nyingi imeshafuta vilele vidogo tunavyovitafuta.