Kashata Zipo, Lakini Tairi Limekwisha

MASWALI YA WASOMAJI: FUNDI ANAJIBU

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Isevya, Tabora. Nina Subaru Impreza ambayo siku za kazi hunipeleka ofisini kama gari lolote, lakini mara tatu au nne kwa mwaka huungana na wenzangu kuendesha kwa kasi katika eneo lililofungwa, kwa vipindi vya dakika 15 hivi. Mwaka juzi nilinunua matairi manne ya mtumba kutoka Japani, yale yenye kashata (matuta ya mpira yanayokanyaga barabara) chache na mpira laini, ambayo muuzaji alisema yalikuwa yametumika kidogo kwenye uwanja wa mbio za magari wa Tsukuba. Yalipofika kashata zilikuwa na kina cha milimita 4, na sasa yana 3 na nusu. Hata hivyo, katika siku mbili zilizopita nimeona kwamba nikikata kona pua ya gari inakwenda nje, na baada ya mizunguko mitatu gari linateleza kana kwamba nimemwagiwa mahindi njiani. Wenzangu wanasema ni upepo wa matairi, fundi wa alaimenti anasema ni alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, na mimi nikitazama naona kashata zipo. Nitajuaje kama matairi yamekwisha kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako hawajakosea na fundi wako hajakosea, lakini katika barua yako yote hakuna aliyeuliza matairi hayo yamepashwa joto mara ngapi, na hilo ndilo ningeanza nalo.

Tairi la gari la kawaida huzeeka kwa kulika. Unaendesha kilomita baada ya kilomita, kashata zinapungua, na siku moja zinafikia vile vinundu vidogo vilivyo chini ya mifereji, ambavyo huwekwa penye milimita 1.6 ili kukuambia kwamba tairi limefika mwisho. Tairi la mbio lina kifo kingine kinachotangulia hicho. Mpira wake laini umetengenezwa ufanye kazi ukiwa wa moto, kwa wengi wake kati ya sentigredi 70 na 100, na kila unapopanda hadi joto hilo kisha ukapoa, ule uunganishaji wa mpira kwa salfa ulioanzia kiwandani huendelea kidogo, na mafuta yanayoulainisha hutoka kidogo. Kashata hazijapungua, lakini mpira umekuwa mgumu. Ukirudia hivyo siku nzima, kwa vipindi vinne au vitano, kisha ukarudia tena mwezi wa pili na wa tatu, unabaki na tairi ambalo kipimo cha kina kinalisifu na kona inalikana. Na wewe hukuanza na tairi jipya: mpira uliokwenda Tsukuba ulikuwa umeshapashwa na kupozwa kabla haujapanda meli, na muuzaji aliposema "kidogo" alikuwa anahesabu milimita.

Nitaongeza jambo ambalo huwashangaza wengi. Kina kikubwa cha kashata si rafiki wa mwendo kasi kwenye lami kavu. Kashata ndefu hujikunja gari linapokata kona, kujikunja huko huzaa joto, na ndiyo maana wapo washindani wanaopeleka tairi jipya likachongwe kwa mashine lipungue kabla ya kulitumia. Kwa hiyo milimita zako 3 na nusu zingekuwa jambo zuri kama mpira ungekuwa bado mchanga. Ukitaka kujua hali ya tairi la namna hii, kina ni ushahidi wa pili.

Sasa tuje kwenye upepo, kwa sababu lazima uutoe njiani kabla hujalihukumu tairi. Msukumo wa hewa iliyo ndani hupanda takriban psi 1 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) kwa kila ongezeko la sentigredi 5 au 6. Ukijaza upepo wa 32 asubuhi ya Julai, wakati Tabora kuna ubaridi, kisha hewa ya ndani ikapanda kwa sentigredi 40, utaingia kupumzika ukiwa na 39, na tairi lililovimba hivyo linakanyaga kwa katikati tu na kuteleza. Kwa hiyo pima mara tu unaposimama, kabla matairi hayajapoa, na upunguze psi 2 kwa wakati mmoja bila kubadilisha kitu kingine chochote. Tairi zima lenye upepo uliozidi litakushukuru papo hapo: gari litashika, na saa ya kupimia mizunguko itaonyesha. Tairi lililokufa halijali. Huchelewa kupata mshiko, likiupata ni mdogo kuliko zamani, na linaupoteza mapema, uwe umejaza 30 au 36. Dalili uliyoieleza, ya kuanza kuteleza baada ya mizunguko mitatu, inafaa kwa yote mawili, na ndiyo sababu nakutaka ufanye jaribio hili kwanza, ambalo halikugharimu ila geji nzuri ya upepo na subira.

Kuhusu alaimenti, usipime kina mahali pamoja. Pima ndani, katikati na nje, kwa kila tairi, na uandike. Gari la barabarani likiingizwa kwenye kona kali hulala upande, na bega la nje la tairi la mbele ndilo linalobeba mzigo. Ikiwa magurudumu hayajainamishwa ndani kiasi cha kutosha kwa juu, bega hilo huliwa wakati katikati bado pana kashata nzuri. Mnapozunguka kwa mwelekeo wa saa, kona nyingi ni za kulia, na tairi la mbele kushoto ndilo hufa kwanza. Litazame hilo kabla ya mengine. Piga magoti, pitisha kiganja juu ya bega la nje kwenda na kurudi, na kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, fundi wako ana hoja. Lakini kurekebisha alaimenti kutaliokoa tairi lijalo; mpira ulioliwa haurudi.

Yapo mambo matatu ambayo ukiyaona huna haja ya jaribio lolote. Nyuzi za ndani zikijitokeza, hata kwa upana wa ukucha, siku yako ya kuendesha imekwisha saa hiyo hiyo, na si baada ya kipindi kimoja zaidi. Uso wa tairi ukiwa na vidimbwi kama malengelenge yaliyopasuka, au vipande vya mpira vimenyofoka, ujue joto lilipanda kupita uwezo wake na ndani kumeharibika kuliko nje. Na mahali palipolika bapa kwa sababu breki ilifunga gurudumu, pima kina hapo hapo palipo bapa, kwa maana tairi huishi kwa kipimo cha sehemu yake iliyo nyembamba zaidi. Mara nyingi usukani utakuwa umeshakuambia kwa kutetemeka.

Usichanganye hayo na vile vinyuzinyuzi na vipande vya mpira vinavyonata juu ya uso wa tairi baada ya kipindi. Vingi ni mpira wa matairi ya wenzako uliookotwa njiani, na hubanduka ukizunguka mara moja au mbili.

Tazama pia ubavuni, kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT, au kwa matairi ya soko la Japani, kwenye tarakimu nne zilizopigwa zenyewe. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Kwa matairi ya kawaida baadhi ya watengenezaji hushauri yakaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na yaondolewe yakifikisha 10 hata kama yanaonekana mazima. Tairi laini la mbio silipi hata nusu ya heshima hiyo.

Wapo wanaopima ugumu kwa kubonyeza ukucha wa kidole gumba. Mimi siuamini ukucha. Saa saba mchana ya Oktoba, gari likiwa limeegeshwa juani, mpira wowote utaubonyeza, na alfajiri ya Juni hata tairi jipya litaonekana jiwe. Kipo kifaa kidogo cha kupimia ugumu wa mpira kwa kipimo cha Shore A. Mkikinunua kwa kuchangiana, pimeni tairi likiwa jipya na likiwa limepoa kivulini, andikeni tarakimu, kisha pimeni tena katika hali ile ile baada ya kila siku ya kuendesha. Tarakimu moja peke yake haisemi kitu. Inayosema ni namna zinavyopanda.

Na hapo ndipo kosa lako lilipo, ukiniruhusu: huna daftari. Mtu anayetumia tairi la mbio anapaswa kujua ni vipindi vingapi limefanya, upepo ulikuwa ngapi likiwa la moto, na mzunguko wake bora ulichukua muda gani. Ukiwa na hayo, siku muda wako unapoongezeka kwa sekunde nzima ilhali dereva ni yule yule, gari ni lile lile na hali ya hewa inafanana, huna haja ya kumwandikia mzee kama mimi.

Kwa haya uliyonieleza, fanya jaribio la upepo mara moja, na lisipobadilisha kitu, yaondoe. Ondoa yote manne, kwa kuwa Impreza yako inavuta magurudumu yote, na matairi yakitofautiana sana mzingo, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na bei ya difu unaijua. Safari hii nunua mapya. Siku ya kwanza yapashe joto polepole kwa kipindi kimoja, kisha yaache yapumzike hadi kesho yake kabla ya kuyabana, yatadumu zaidi.

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina duka la matairi yaliyotumika hapa Mwanga, Kigoma. Vijana wa mbio huniuzia matairi ambayo wao wanasema yamekwisha, lakini mimi naona bado yana kashata. Je, naweza kuyauza kwa wateja wa kawaida? Na yaliyo kipara, fundi wangu anaweza kuyachonga kashata upya?

JIBU: Salama, mama. Swali la pili nitalijibu kwanza, na jibu ni hapana. Chini ya mfereji wa tairi la gari dogo hakuna akiba ya mpira. Fundi akichonga, anasogea kwenye nyuzi, na mteja wako anaondoka na tairi linalovutia macho huku likisubiri kupasuka. Kuchonga kunaruhusiwa kwa baadhi ya matairi ya malori tu, yaliyotengenezwa hivyo na kuandikwa ubavuni REGROOVABLE, yaani linaweza kuchongwa upya.

Kuhusu yale yenye kashata, ningekuwa na duka lako nisingeyapokea. Mpira uliokwisha kuwa mgumu kwa joto hushika vibaya zaidi kwenye maji, mifereji ya matairi hayo ilikuwa michache tangu mwanzo, na Kigoma mvua ikianza Novemba inaendelea hadi Aprili, juu ya mji wenye miteremko. Dereva anayeshuka kuelekea ziwani na abiria nyuma hajui kwamba tairi lake lilistaafu. Kama umeshalipa fedha na yamo dukani, yatoe kwenye rimu, umulike ndani kwa tochi uone kama kuna viraka, mikunjo au nyuzi zilizokatika, na yale yatakayosalimika yauze kwa wenye mikokoteni ya punda na ng'ombe, ambao wanayahitaji na hawakimbii.

SWALI: Fundi, mimi niko Urambo. Matairi yangu ya kuendeshea kwa kasi hukaa miezi minne bila kazi, nayaweka nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Yanaharibika?

JIBU: Yanaharibika, kwa sababu mwembe hautoi kivuli siku nzima, na jua la Urambo hukausha mpira kama linavyokausha tumbaku. Yaoshe, yakauke, uyafunge kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuyaweka ndani penye giza na ubaridi. Yasikae chumba kimoja na mashine ya kuchomelea, jenereta au mota ya umeme, maana cheche zake huzalisha ozoni inayopasua mpira. Kama yako kwenye rimu, punguza upepo kidogo na uyalaze moja juu ya jingine.